Dari ya Mama katika Picha Tatu

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumanne, mama alinipigia simu ghalani Masoro, ninakofanya kazi, kuniambia kwamba wageni wamekuja, wamekunywa fanta, na wamekwenda.

"Wageni gani?" nikamwuliza. Nilikuwa katikati ya rafu za rangi, nikipanga mzigo ulioingia alfajiri.

"Wale wa barabara. Vijana wazuri, wana adabu. Wamepima nyumba kwa nje na ule utepe wao, wameandika, wameniaga."

"Ndani waliingia?"

"Ndani waingie kufanya nini? Niliwawekea viti uani, kwenye kivuli. Wakaniuliza, mukecuru, bibi yetu, ndani kuna nini? Nikawaambia, wanangu, ni kanyumba tu ka mjane, ndani hakuna kitu."

Nilikaa juu ya ndoo ya rangi. Mama aliendelea kuniuliza kama nimekula.

Mtu ambaye hakulelewa na mwanamke kama mama yangu atadhani alikuwa anadanganya au amezeeka akili. Hakuwa anadanganya. Kwetu mtu mwenye malezi haisifu nyumba yake mbele ya mgeni. Ukimtembelea mchana atakwambia jikoni hakuna kitu, na nusu saa baadaye unapakuliwa ndizi, maharage na nyama. Mgeni anayejua desturi hasikilizi hayo maneno, anasubiri. Lakini wale vijana walikuwa kazini, na karatasi yao ilikuwa na mstari wa kujaza. Waliandika walichoambiwa.

Barabara ya Kagugu ilikuwa inapanuliwa, na nyumba za upande wa bondeni zilitakiwa kuondoka kwa fidia. Hilo hatukulipinga. Barabara ilihitajika, mvua ikinyesha hata sisi tulikuwa tunateleza humo. Mama alitaka jambo moja tu: abaki Kagugu. Parokia yake ilikuwa pale. Wanawake aliorudi nao kutoka ukimbizini Bujumbura walikuwa pale, wale wanaojua alivyokuwa msichana, wanaozika pamoja na watakaomzika. Nyuma ya kanisa kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili inayouzwa, na mwenye nyumba alikubali kungoja hadi fidia itoke. Ikiwa fidia ingehesabu nyumba yetu jinsi ilivyokuwa kweli, mama angeinunua. Ikiwa ingehesabu kanyumba ka mjane, asingeweza.

Kwa nje nyumba yetu ilikuwa ya kawaida kabisa: matofali, plasta iliyopasuka, mabati. Thamani yake ilikuwa ndani, juu. Marehemu baba alikuwa seremala, na kwa miaka mingi, kila alipopata mabaki ya mbao ngumu za Kongo, zile tunazoziita libuyu, aliyaleta nyumbani. Alizipiga randa, akazichonga ulimi na mfereji ili zishikane bila pengo, akafunika dari ya sebule na vyumba vyote viwili. Kisha akapaka vanishi mara nyingi hadi zikawa na rangi ya kahawa iliyokolea. Sijawahi kuona dari kama ile, hata katika nyumba za watu wakubwa.

Ripoti ilipotoka ilisema: sakafu, saruji; dari, hakuna.

Sheria inampa mwenye nyumba haki ya kuomba uthamini wa pili kwa gharama yake, mradi asichelewe. Nilimtafuta mthamini anayejitegemea, mwanaume wa umri wangu aliyekulia Uganda, mwenye mkoba mkubwa na kitambaa cha kujifutia jasho shingoni. Alipoingia sebuleni aliinua kichwa, akazunguka taratibu kama mtu aliyeingia kanisani.

"Mzee," akaniambia, "hii yote ni libuyu?"

"Yote. Na vyumbani."

"Na hawa walioandika hakuna dari, walikuwa wamefumba macho?"

"Walikuwa uani," nikasema.

"Wanakunywa fanta," mama akaongeza kwa fahari.

Alitoa simu akapiga picha. Akaitazama, akapiga tena, akanipa nione. Sebule ilikuwa na dirisha moja tu, linaloelekea bondeni, na jua la asubuhi lilikuwa limejaa humo. Kwenye simu dirisha lilikuwa shuka jeupe, na, kasoro kipande cha sakafu chini yake, sehemu nyingine yote ilikuwa nyeusi. Umeme ulikuwa umeshakatwa mtaa mzima kwa sababu nguzo zilihamishwa kwanza. Tulijaribu tochi, ilichora duara moja la mwanga kwenye vanishi, na pembeni kukabaki giza lile lile.

"Hapa naona dirisha na usiku," akasema. "Na kamati ya fidia haiji hapa. Kamati inasoma karatasi na kuangalia picha."

"Nitapiga mimi. Nina kamera."

"Unajua kuitumia?"

"Nitajua kufikia Ijumaa."

Alicheka. "Basi Mungu akufundishe mbio."

Kamera nilikuwa nimeinunua kwa mpiga picha wa harusi aliyeamua kufuga kuku. Nilikuwa nimeitumia kidogo, Jumapili, kwa miti na ndege. Shule niliiachia katikati ya sekondari, na Kiingereza nilichonacho nilikipata kwenye maandishi ya makopo ya rangi na vitabu vya maelekezo ya mashine, neno kwa neno, kamusi ikiwa pembeni. Hiyo ndiyo njia ninayoijua ya kujifunza: kusoma maelekezo yote kabla ya kugusa kitu. Usiku huo nilisoma.

Shida yenyewe nilielewa upesi, kwa sababu nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Mtu akitazama dirishani jicho lake hujibana. Akitazama darini hujifungua. Naye hajui kwamba limefanya kazi mbili. Kamera, kila inapobofywa, hupewa nafasi moja tu. Ukiipimia mwanga wa dirisha, chumba kinazama. Ukiipimia chumba, dirisha linaungua. Dawa yake inaitwa HDR, na kwa maneno yangu ni hii: unapiga picha tatu za mahali pale pale bila kamera kusogea hata unywele. Ya kwanza ya giza, kwa ajili ya dirisha. Ya pili ya wastani. Ya tatu ya mwanga mwingi, kwa ajili ya pembe za chumba. Kisha programu ya kompyuta inachukua kutoka kila moja sehemu iliyotoka vizuri, inazishona kuwa picha moja.

Kwenye maelezo ilionekana kazi ya dakika tano.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa kazini nikaenda Kagugu na stendi ya miguu mitatu. Vigae vya sakafu, ambavyo ripoti iliviita saruji, vilikuwa vinateleza, kwa hiyo nilining'iniza mfuko wa sukari chini ya stendi ili itulie. Niligundua kwamba hata kidole changu kikibonyeza kinatikisa, nikaiweka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde chache. Uwazi wa lenzi niliufunga usibadilike. Nilibadilisha muda tu. Picha ya tatu ilihitaji lenzi kukaa wazi sekunde kadhaa. Nilimwomba mama atoke nje.

"Nitoke ndani ya nyumba yangu, niende wapi?"

"Uani tu, mama. Dakika moja."

"Nina sufuria jikoni."

Alipita. Alipita kwenda, akapita kurudi, akapita tena kwenda, na beseni mikononi. Nilipoziunganisha zile picha kwenye kompyuta ya mapajani niliyokuja nayo, katikati ya sebule walisimama mama watatu weupe, wembamba kama moshi, na mlango wa chumba ukionekana kupitia matumbo yao.

Jirani yetu, mwanamke anayeuza makaa, alikuwa ameingia kuona. Alipiga makofi.

"Yesu wangu! Mukecuru ameshakuwa mzimu kabla ya mazishi!"

"Mzimu wa nani?" mama akasema, akisogea karibu na kioo. "Mzimu hauvai kitenge changu cha Pasaka. Na hebu ona, nilikuwa nimebeba beseni tatu. Nina nguvu bado."

"Basi ukifa tutakuita uje ufue."

"Nitakuja nikufulie wewe, ndiwe mchafu. Makaa yamekuingia hadi mawazoni."

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mimi sikuweza. Niliitazama ile picha, mama yangu akipungua ndani ya nyumba yake mwenyewe, na nikaifuta haraka.

Mara ya pili nilimpeleka mama kwa jirani, nikafunga mlango na kuliondoa pazia lililokuwa linapepea. Nikapiga tena kutoka pembe zote. Nyumbani kwangu, chumba ninachopanga mteremkoni Rebero, niliingiza picha kwenye kompyuta na kungoja. Mashine yangu ni ya zamani; ilinguruma kama jiko la mafuta. Kisha dari ikatokea. Sijui nilitarajia nini, lakini nilisimama. Kila ubao ulionekana mahali pake, na kwenye ubao mmoja karibu na ukuta, chini ya vanishi, kulikuwa na alama ya penseli, mstari mfupi na namba. Nilikuwa nimeishi chini ya dari ile tangu ujana na sikuwahi kuiona. Ulikuwa mwandiko wa baba.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuacha. Lakini pembeni mwa kioo programu ilikuwa na vidude vya kuburuta: kimoja cha vivuli, kimoja cha undani, kimoja cha rangi. Nilikiburuta cha undani nikaona misumari. Nikakiburuta zaidi nikaona nyuzi za mbao. Nilifikiria kamati, watu waliochoka wakipekua mafaili, na nikataka waone dari hii kabla hawajavaa miwani. Nikaongeza rangi. Mbao zikawaka kama shaba. Bonde dirishani likageuka kijani kibichi na mbingu zambarau, nami, niliyekuwa nimeangalia kioo kwa saa nyingi, niliona ni sawa. Kila anayeanza hufanya hivyo, nimesoma baadaye.

Kisha nikasafisha. Huo ni utaratibu wangu wa ghalani, ninaowafundisha wote wanaofanya kazi chini yangu: mzigo ukishafungwa kwenye boksi na kubandikwa lebo, mabaki hayakai rafuni, maana mabaki ndiyo yanayochanganya hesabu. Kompyuta yangu ilikuwa imejaa hadi shingoni. Nilihifadhi picha zilizokamilika, nikafuta zile tatutatu zilizozizaa, na nikasafisha kadi ya kamera iwe tayari kwa kazi nyingine. Nikamtumia mthamini, nikalala vizuri.

Ijumaa jioni alinipigia.

"Mzee, picha nimeziona. Ni nzuri mno."

"Asante sana."

"Sikusifu. Nakwambia ni nzuri *mno*. Zinafanana na matangazo ya majumba ya huko kwenu Rebero. Mbingu ni zambarau. Dirisha lina duara la mwanga kuzunguka, kama kichwa cha mtakatifu. Nikipeleka hizi watasema tumechora."

"Hatukuchora. Ni picha tatu zimeunganishwa."

"Ninakuamini, mimi niliiona dari. Basi nipe hizo tatu, kama zilivyotoka kwenye kamera. Nitaziweka pamoja, wataelewa."

Nilifungua kamera nikaitazama ile kadi niliyoisafisha.

"Zipo?"

"Kesho nitapiga nyingine."

"Kesho ni umuganda. Magari hayatembei hadi kazi ya mtaa iishe."

"Baada ya umuganda. Mchana utakuwa nazo."

Sikumpigia mama. Sikuona sababu ya kumsumbua. Dari ilikuwa imekaa juu ya vichwa vyetu miaka yote ile, ingekaa siku moja zaidi.

Asubuhi ya Jumamosi nilifanya zamu yangu na majirani zangu, tukizibua mtaro. Magari yaliporuhusiwa kutembea nilivuka mji na begi la kamera mapajani. Niliposhuka Kagugu nilisikia nyundo. Nilidhani ni kwa jirani.

Mama alikuwa ameketi uani, katikati ya watu kama kumi wenye majembe na nyundo, akigawa chai kama siku ya sherehe. Ukutani, zikiwa zimepangwa kwa urefu, safi, ziliegemea mbao za libuyu.

"Umechelewa!" akaniita. "Kazi imekwisha!"

"Mama, nini hiki?"

"Bwana wa mkoba alinipigia jana asubuhi, akasema mukecuru, picha nimezipata. Nikajua, basi, nyumba imeshaandikwa. Leo umuganda umeisha hapa hapa mtaroni, watu wote wana nyundo mikononi. Ningewaacha waende bure? Katapila ije ikanyage mbao za baba yako?"

Hakuna aliyefanya kosa. Kila mtu anayehamishwa huku huondoa mabati yake, milango yake na madirisha yake kabla ya mashine kufika. Asiyefanya hivyo huonekana mvivu. Wale watu walikuwa wamejitolea, na walimfanyia mama kazi ambayo angelipa fundi siku mbili.

Niliingia ndani. Juu kulikuwa na mabati matupu na miti ya kenchi. Mabati yaliupokea mwanga wa dirisha na kuumwaga chumba kizima, hadi pembeni. Kwa mazoea tu nilipima kwa kamera. Picha moja ingetosha.

Nilitoka nikasema, "Tuzirudishe."

Muuza makaa aliweka kikombe chini. "Yewe! Hebu amueni. Tubomoe au tujenge?"

"Tuzirudishe kwa saa moja tu. Nipige picha."

Mwanaume mmoja aliinua ubao akanionyesha ukingo wake. Ule ulimi aliouchonga baba ulikuwa umevunjika urefu wote, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuung'oa. Aliinua wa pili, ulikuwa hivyo hivyo. Mama alikuwa ananitazama, na ile furaha ilikuwa inamtoka usoni polepole, kwa kuwa alianza kuelewa kwamba kuna kitu, ingawa hakujua ni kipi.

"Nimeharibu?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

Nilimpigia mthamini nikiwa nyuma ya choo ili asisikie. Nilimsikia akiweka kalamu chini. "Usithubutu kuzirudisha," akasema. "Utakuwa umejenga baada ya nyumba kuhesabiwa. Hilo hawasamehe kabisa."

Jumatatu nilipeleka kompyuta na kadi kwa mwanamke mmoja mjini anayetengeneza mashine na kurudisha vilivyofutwa. Alinihoji kama daktari.

"Baada ya kufuta, uliandika kitu kingine juu yake?"

"Kwenye kadi, niliisafisha ili iwe mpya. Kwenye kompyuta nilihifadhi picha zilizounganishwa, faili kubwa kubwa."

"Sasa, mzee, si ulijengea juu ya kaburi."

Alijaribu hata hivyo, na nilikaa kwenye benchi lake hadi akafunga duka. Siku ya pili alinionyesha alichopata: mafaili machache yaliyokatika, na manne mazima. Yote manne yalikuwa yale ya giza, ya dirisha. Nje mlima wa pili ulionekana hadi majani ya migomba. Ndani kulikuwa na weusi mtupu. Alijaribu kuuinua ule weusi kwa programu yake; zikatoka punje za kijivu, kama chumvi iliyomwagika kwenye lami.

"Hapa juu kuna nini?" akauliza.

"Dari."

"Mimi siioni."

"Najua."

Mthamini alifanya alichoweza. Aliziambatanisha picha zangu pamoja na zile nne za giza, akaandika maelezo kwa mkono wake kwamba aliingia na kuona, akaniomba na mimi nieleze kwa maandishi jinsi picha zilivyotengenezwa. Nilieleza hatua kwa hatua. Nilipiga hata picha tatu za chumba changu mwenyewe, nikaziunganisha kwa kiasi, ili waone njia ni ya kweli. Zilitoka vizuri. Zilikuwa HDR zangu za kwanza ambazo mtu angeweza kuziamini, na zilionyesha kitanda changu na ndoo ya maji.

Jibu lilikuja kwa lugha ya upole. Vigae vya sakafu vilikubaliwa, kwa kuwa vilionekana katika picha ya simu, pale karibu na dirisha. Kuhusu dari, picha zilizowasilishwa zilionekana kurekebishwa, na dari yenyewe haikuwepo tena mahali pake. Mbao zilizo uani zilitambuliwa kuwa mali ya mwenye nyumba, aliye huru kuzichukua.

Nilimsomea mama nikitafsiri. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Sasa ile nyumba ya nyuma ya kanisa?"

"Haitatosha."

"Si umwambie mwenye nyumba atungoje kidogo?"

"Ametungoja, mama. Kuna mtu ana pesa zote mkononi."

Alinyoosha kitenge chake magotini. Kisha akasema jambo ambalo bado linaniamsha: "Mimi niliwaambia hakuna kitu. Na kweli, wamekuta hakuna kitu."

Aliolewa katika nyumba za kupanga, akajengewa moja, na sasa amerudi kupanga. Nimempatia chumba karibu na changu, Rebero, ng'ambo ya mji. Jumapili huenda kanisani mapema na kuketi nyuma, kati ya watu wasiomjua jina. Wale wanawake wa Kagugu walikuja mara mbili. Safari ni ndefu kwa magoti yao. Mbao hazikupita mlangoni mwa chumba chake kwa urefu wake, kwa hiyo nilizikata.

Tofauti kati ya fidia tuliyopewa na ile iliyoandikwa na mthamini wa pili ilikuwa dari peke yake: faranga milioni mbili, laki tatu na elfu arobaini.